Si cc, ni meno ya sproketi

Wiki hii tena. Kijana wa Lukozi anayebeba viazi kutoka shambani anataka kuuza pikipiki yake, Yamaha XTZ 125, anunue Bajaj Boxer 150. "Fundi, cc 125 hazipandi mlima." Kauli hiyo ya kulaumu cc, yaani ukubwa wa injini, nimeisikia hapa Usambara mpaka imenichosha.

Nikamwuliza: mdogo wangu, ukiwa mlimani injini inazimika au tairi la nyuma linazunguka bure? Hakujua. Na hapo ndipo kila kitu kilipo! Tairi likiteleza, hata cc 400 zitachimba shimo tu. Injini ikizidiwa, anza na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ya mbele inazunguka mara 3 ndipo tairi lizunguke mara 1. Funga ya meno 13, inakuwa 3.23. Mvuto umeongezeka karibu asilimia 8 kwenye kila gia, kwa bei ya kipande kimoja cha chuma. Kupata kiasi hicho kwa sproketi ya nyuma lazima uongeze meno 3, na cheni huenda isifike. Hasara yake ni kwenye lami: ukifika Mombo injini inalia na mwendo ni mdogo. Kushuka zaidi, hadi 12, siafiki, cheni inakunjwa mno na kuchakaa mapema.

Asiyebadili sproketi hupanda akiwa ameshikilia klachi nusu. Pleti za klachi zinaungua, mvuto unapotea, kisha lawama zinaangukia cc. Hili linaniudhi kuliko yote, maana watu wanauza pikipiki nzima kwa sababu ya pleti!

Mawe ni habari nyingine. Boxer ina ringi za inchi 17 mbele na nyuma. Honda XR150L ina 19 mbele, XTZ na Yamaha AG200 zina 21 mbele. Ringi kubwa hupanda juu ya jiwe, ndogo hujigonga nalo. Boxer ni imara kwa mzigo kwenye njia iliyochongwa, sibishi. Ila keria yake ndefu inashawishi: gunia likikaa nyuma ya ekseli, mlimani usukani unakuwa mwepesi na tairi la mbele linainuka.

Kuhusu upepo wa tairi nimewahi kukosea. Nilikuwa nawaambia watu wapunguze hadi psi 18 wakati wa masika. Tairi lilishika udongo mwekundu vizuri, lakini kwenye mawe tyubu zilibanwa kati ya jiwe na ringi, zikatoboka. Siku hizi sitaji namba, na mwenye gunia namkataza kabisa kupunguza. Tope la mfinyanzi likishajaa kwenye kashata za tairi, hakuna pikipiki nitakayokusifia. Shuka, ngoja njia ikauke.

Yule kijana nimemfungia meno 13 na pleti mpya za klachi. Keria yake tumeikata kwa nyuma, gunia lisipate pa kurudi.