Stirio maana yake siyo "mbili"

Juzi tena nimemsikia mtu anamshauri mwenzake katikati ya raundi ya gemu, "hizo usinunue, hizo ni stirio tu, adui akikujia kwa nyuma husikii, tafuta hedifoni zenye saraundi". Na mwenzake akakubali palepale. Hii kauli nimeshaisikia mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu watu wanatoa hela zao kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyewaeleza maana yake.

Maana zenyewe nazipitia haraka. Stirio ni sauti ya chaneli mbili zinazotofautiana kidogo, ubongo ukizipokea kwa pamoja unapata nafasi: hiki kiko kushoto, kile kulia, kile mbali kidogo. Saraundi ni sauti ya chaneli nyingi zaidi, kila moja inaenda kwenye spika yake na spika zimekuzunguka. 5.1 ni spika tatu mbele, mbili pembeni kuelekea nyuma, na moja ya besi. 7.1 inaongeza mbili za nyuma. Ile nukta moja ndo chaneli ya besi, haikupewa namba kamili kwa sababu inabeba kipande kidogo tu cha chini cha masafa ya sauti, yaani zile sauti nzito. Basi, hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye neno stirio lenyewe. Watu wengi wanaamini maana yake ni "mbili", yaani kushoto na kulia basi, kama vile mono ni moja. Sasa mono kweli ni moja, inatoka Kigiriki monos, moja au pekee, ila stirio haitoki kwenye namba yoyote. Inatoka kwenye stereos, neno la Kigiriki pia, maana yake kigumu, kitu kizima chenye mwili, kitu ambacho ukikizunguka kina mbele na nyuma. Ndo maana wachapaji wa zamani kule Ufaransa walipoacha kuchapia herufi zenyewe mojamoja wakaanza kuchapia bamba moja gumu lililomiminwa, waliliita kwa neno hilohilo, na ndiko ilikotoka ile "stereotype" ya Kiingereza, wazo lililoganda haligeuki. Kwaiyo aliyeipa sauti jina la stirio alitaka kusema sauti yenye umbo, sauti yenye mwili. Wala hakuwa anahesabu spika. Ukitafsiri kwa uaminifu, kumwambia mtu "hiyo ni stirio tu, haina nafasi" ni sawa na kumwambia "hiyo ina umbo tu, haina umbo".

Na cha ajabu zaidi, hii kitu ilianzia masikioni kabla ya kufika kwenye spika. Mwaka 1881 kwenye maonyesho ya umeme Paris, fundi anaitwa Clément Ader alipanga maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta nyaya mpaka kwenye vyumba vya maonyesho, na kila msikilizaji akapewa vipokeo viwili, kimoja kila sikio, kila kimoja kinatoka upande wake wa jukwaa. Watu wakawa wanasikia waimbaji wanahama kutoka upande huu kwenda ule. Hedifoni kabisa hizo, na hapo redio yenyewe bado. Miaka hamsini baadaye, Desemba 1931, Alan Blumlein wa kampuni ya EMI kule Uingereza, kijana wa miaka 28, akaomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo wa sauti wa chaneli mbili, na yeye hata hakuuita stirio, aliuita binaural, yaani wa masikio mawili. Jina lake naliona limekaa vizuri kuliko tulilobaki nalo, maana hiyo mbili inayotafutwa kwenye stirio ilikuwa kwetu siku zote, ni masikio.

Sasa tuje hapo hapo kwenye masikio. Una mawili, na kwa hayo mawili unajua mbwa anabweka nyuma yako, juu ya ukuta, au mbele. Inawezekanaje? Sauti ikitoka kulia inafika sikio la kulia kwanza, la kushoto inachelewa kidogo sana, haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde, na inafika imepungua nguvu kwa sababu kichwa kimeikinga. Hiyo inakupa kulia na kushoto. Ila kitu kilicho mbele kabisa na kilicho nyuma kabisa vyote vinafika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, hapo kinachokusaidia ni umbo la sikio la nje, yale makunyanzi yake, yanabadilisha masafa fulani kutegemea sauti imeingilia wapi, na ubongo umejifunza hayo mabadiliko tangu utotoni. Alafu unageuza kichwa kidogo na jibu linakamilika.

Kwaiyo hedifoni yoyote, iwe imeandikwa nini kwenye boksi, mwisho wa safari inapeleka sauti mbili, hii huku na hii kule. Zile zinazoitwa 7.1, nyingi zina spika mbili tu kama nyingine zote. Saraundi yake ni hesabu: programu inachukua zile chaneli nane, inazipitisha kwenye vipimo vya kichwa na masikio, inapata chaneli mbili zenye ule ucheleweshaji na yale mabadiliko ya masafa. Yaani inatengeneza stirio nzuri. Zipo kweli chache zenye spika kadhaa ndogo ndani ya kila upande, ila spika ya chumbani inasikika na masikio yote mawili na kichwa kinakaa katikati kufanya kazi yake, wakati spika iliyobanwa sentimita chache kutoka sikio la kulia inasikika kulia tu. Kuziongeza idadi hakurudishi kile kichwa kilichorukwa.

Kwa mtu wa gemu hili lina uzito kwelikweli, kwa sababu gemu inajua adui yuko wapi kwa kipimo, haihitaji kukisia. Valorant kwa mfano, gemu ya kupigana risasi, ina setingi yake yenyewe ya kufanya ile hesabu kwa ajili ya hedifoni. Ukiiwasha alafu juu yake ukawasha na saraundi ya hedifoni, umepitisha sauti iliyoshapikwa kwenye jiko la pili, na vishindo vya miguu vinakuwa kama vinatoka kwenye korido, unajua mtu yupo ila hujui yuko mlango gani. Watu wanalalamika hedifoni mbovu kumbe tatizo ni hesabu imefanyika mara mbili. Hesabu ifanyike mara moja tu: kama gemu inaifanya, zima nyingine zote. Kama gemu haina hiyo setingi ila inatoa 5.1 au 7.1 kwa ajili ya spika, au unaangalia filamu, hapo washa ile ya hedifoni au ya kompyuta, inasaidia kweli. Na vipimo vya kichwa vilivyotumika ni vya kichwa cha mtu mwingine, kwaiyo mmoja ataisikia nyuma ipo nyuma kweli na mwenzake ataisikia imejaa ndani ya kichwa, wote wakiwa wakweli.

Hata bila hesabu yoyote, kwenye stirio ya kawaida, yule adui wa nyuma anapatikana. Geuka kulia kidogo na mausi. Kishindo kikihamia sikio la kushoto alikuwa mbele, kikihamia la kulia alikuwa nyuma.

Kwaiyo ukimshauri mwenzako usimwambie "hizo ni stirio tu". Zote ni stirio. Muulize gemu anayocheza ina setingi ya hedifoni au haina, alafu muulize zinambana masikio au hazimbani.