Hiari ya Mkristo ni nini, na mpaka wake uko wapi?

Hiari, au utashi huru kama wanateolojia wanavyopenda kuiita, ni uwezo wa mtu kutenda au kuacha bila kushurutishwa. Wengi huichanganya na ruhusa. Ruhusa unapewa, hiari unabaki nayo hata ukikatazwa, ndiyo maana Adamu na Hawa waliweza kula tunda. Na ukiisoma Mwanzo 2 polepole, Mungu anaanza kwa kumwachia Adamu kila mti wa bustani, kisha anazuia mmoja. Sisi tumelikariri katazo, bustani nzima tumeisahau.

Wakatoliki huitia hiari kwenye mizani ya dhambi. Dhambi haiwi ya mauti, yaani ya kumtenga mtu na Mungu, mpaka jambo liwe zito, mtu ajue ni baya, na akubali mwenyewe kwa hiari kamili. Aliyewekewa panga shingoni hahesabiwi sawa na aliyekaa akapanga. Baada ya anguko la Adamu na Hawa, hiari hiyo imebaki na nguvu kiasi gani? Hapo makanisa yanagawanyika. Erasmus, msomi Mkatoliki wa Uholanzi, aliitetea mwaka 1524. Mwaka uliofuata Martin Luther, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, akamjibu kwamba katika wokovu imefungwa, haimgeukii Mungu bila neema. Ubishi huo upo hadi leo.

Mpaka wenyewe nauona vizuri zaidi Korintho, penye suala la nyama iliyotolewa kwa sanamu. Kushiriki karamu ya sanamu, Paulo anakataza kabisa. Nyama ya sokoni, nunua ule, usiulizeulize. Ukialikwa na asiyeamini, kula ulichoandaliwa. Ila mtu akikuambia, "Hii imetolewa sadaka," iache, tena kwa ajili ya dhamiri yake yeye, si yako (1 Wakorintho 10). Nyama ni ileile, sahani ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayekutazama na jambo hilo linamsumbua.

Kwetu nyama hiyo mara nyingi ni bia. Kwenye meza ya harusi Mkatoliki anafungua yake bila wasiwasi, Mpentekoste kando yake anaomba soda, na kila mmoja ana mstari wake wa Biblia mfukoni. Lakini tuseme huyo wa soda aliacha pombe mwezi uliopita, kwa tabu, na macho hayabanduki kwenye ile chupa. Hiari ileile iliyomruhusu jirani yake kuagiza bia inamruhusu pia kumwita mhudumu na kusema, "Leta soda mbili."