Je, wajua kwa nini kusoma data kwa mwanga kunaweza kuifuta?

Kuna miwani ambayo lenzi zake hugeuka nyeusi ukitoka nje kwenye jua, na ukiingia ndani hurudi kuwa angavu baada ya dakika chache. Katika plastiki ya lenzi hizo mna molekuli za kaboni ambazo miale ya urujuanimno huzibadilisha umbo. Umbo jipya hunyonya mwanga, kisha joto la kawaida hulirudisha la zamani. Sasa, ikiwa molekuli moja ina maumbo mawili, kwa nini la kwanza lisiwe 0 na la pili 1, tukahifadhi data humo?

Yehuda Hirshberg wa Taasisi ya Weizmann, Israel, alilitoa wazo hilo mwaka 1956. Miongoni mwa kampaundi alizozifanyia kazi ni spairopirani. Urujuanimno ukiipiga, kifungo kimoja kati ya kaboni na oksijeni hukatika, molekuli hujinyoosha na kupata rangi. Lakini rangi hiyo haidumu, kwa kuwa joto la chumba peke yake hutosha kuirudisha molekuli ilikotoka. Kumbukumbu inayohitaji baridi kali ili isisahau haina faida kubwa.

Suluhisho la joto lilikuja mwaka 1988, pale Masahiro Irie wa Japani alipotangaza diarilitheni zisizorudi nyuma kwa joto. Hii ni molekuli inayonivutia kuliko zote. Ina mabawa mawili yaliyounganishwa na daraja katikati. Urujuanimno ukiigusa, kaboni mbili zinazotazamana kwenye mabawa hayo hushikana na pete ya kaboni sita hujifunga. Fuwele iliyokuwa haina rangi huweza kugeuka nyekundu au buluu mbele ya macho yako. Imulike kwa mwanga wa kawaida unaoonekana, pete inafunguka na rangi inatoweka. Baadhi ya diarilitheni hurudia mzunguko huo zaidi ya mara 10,000 bila kuchakaa sana.

Kuandika kumewezekana, na kufuta pia. Kusoma ndiko kunakoleta shida.

Ili kujua kama pete imefungwa, njia rahisi ni kuimulika kwa mwanga inaounyonya. Mwanga huo ndio huohuo unaoifungua! Ni kama kusoma barua kwa kuishika juu ya moto. Unaweza kudhani kwamba kupunguza nguvu ya leza kutatosha, kwa sababu ndivyo inavyofanyika kwenye CD-RW, yaani diski inayoweza kufutwa na kuandikwa upya. Huko data huandikwa kwa joto: leza huyeyusha nukta ya aloi ya fedha, indiamu, antimoni na telurimu. Leza ya kusomea ni dhaifu, haifikishi joto la kuyeyusha, kwa hiyo data hubaki salama. Kuna kizingiti pale. Mmenyuko wa mwanga hauna kizingiti cha namna hiyo. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayonyonywa ina nafasi yake ya kuifungua pete, hata zikija chache chache. Leza dhaifu huchelewesha tu ufutaji. Ukisoma mara nyingi, 1 zinageuka 0 kidogo kidogo.

Njia mojawapo ya kukwepa ni kusoma kwa infraredi, mwanga usioonekana wenye mawimbi marefu. Fotoni zake hazina nishati ya kuvunja kifungo, ila hutikisa molekuli, na pete iliyofungwa hutikisika tofauti na iliyo wazi. Gharama yake ni ukubwa wa nukta. Mawimbi ya infraredi ya aina hiyo hupimwa kwa mikromita kadhaa, ilhali leza ya diski za Blu-ray ni nanomita 405 (chini ya nusu mikromita), na kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo nukta ndogo kabisa inayosomeka inavyokuwa kubwa. Njia nyingine ni kutumia mwanga ambao molekuli haiunyonyi kabisa, kisha kupima unavyopinda ukipita. Hapo data haiguswi, lakini tofauti ya kupinda kati ya maumbo hayo mawili ni ndogo mno, na kifaa cha kusomea kinapaswa kuwa makini sana.