Yeremia 29:11 haisemi mambo yako yatanyooka wiki ijayo

Jamani huu mstari tunaupenda sana, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," uko kwenye stetasi, kadi za mahafali, hadi kioo cha daladala, na wengi tunauchukulia kama ahadi kwamba kazi au viza inakuja fasta, isipokuja mtu anaanza kuona Mungu kamtupa.

Sasa fungua Biblia yako mwenyewe uanze sura ya 28. Nabii Hanania anawaambia watu miaka 2 tu Wayahudi waliochukuliwa mateka wanarudi kutoka Babeli (ujumbe mtamu huo, nani asingeupenda), na Yeremia anasema Hanania ni muongo. Sura ya 29 ndo barua yake kwa wale mateka: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji mliohamishiwa, maana mstari wa 10, ule unaorukwa kila siku, unasema miaka 70. Yaani wengi walioisikia ile barua walikuwa wanaenda kufia hukohuko, na bado Mungu anawaambia anawawazia amani.

Je alitimiza? Soma Ezra 1, mfalme Koreshi wa Uajemi anawaruhusu warudi, na imeandikwa kabisa ni ili neno la Yeremia litimie. Mimi hapo ndo naona uaminifu wake. Na kabla ya hapo Danieli, mmoja wa mateka hao, ameshazeekea ugenini, alikuwa anajisomea vitabu akaikuta hiyo miaka 70 (Danieli 9:2), akaanza kufunga na kuomba.