Lori la mafuta likipinduka, mbona tunalikimbilia? Maswali na majibu

Tumekatazwa mara ngapi kusogelea lori la mafuta lililopinduka? Kwa nini watu bado wanakwenda?

Wengi hujibu kwa neno moja: tamaa. Mimi jibu hilo silikubali, maana linawatukana marehemu na halimwokoi aliye hai. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka asubuhi pale Msamvu, Morogoro. Watu wakaja na madumu na ndoo, waendesha bodaboda wakiwa miongoni mwao, na moto ulipolipuka ukaua zaidi ya watu 100. Miaka kumi nyuma, Januari 31, 2009, zaidi ya 110 walikufa vivyo hivyo Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya.

Hebu simama alipokuwa amesimama mmoja wao. Unafika, unakuta watu hamsini wanachota. Dakika kumi zimepita, hakuna aliyeungua. Tangazo ulilisikia redioni mwaka jana, ila hawa hamsini unawaona sasa hivi, wazima, wanacheka. Macho yako yanakuambia pako salama. Kwa hatari hii, macho hayana msaada.

Kwani nani asiyejua kwamba mafuta yanawaka?

Nadhani neno lenyewe "mafuta" linatuponza. Ya kula ni mafuta, ya taa ni mafuta, dizeli na petroli nazo ni mafuta. Tumekulia nyumba zenye chupa ya mafuta ya taa kando ya kibatari kinachowaka, na hatukulipuka, kwa sababu katika joto la kawaida mafuta ya taa hutoa mvuke kidogo sana. Petroli ni kitu kingine kabisa. Hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Morogoro.

Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai ukapotea. Hutambaa chini, hujaa mitaroni na kwenye mabonde, palepale petroli inapotuama na watu wanapoinama kuchota. Cheche moja inatosha: pikipiki kuwashwa, betri ya lori kung'olewa, sigara, hata jiko la mama lishe ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana hakuna anayewahi kukimbia. Moto hautoki kwenye tenki ukakufuata. Wewe tayari umesimama ndani yake.

Mimi sichoti, natazama tu.

Julai 2, 2010, huko Sange, Kivu Kusini nchini Kongo, zaidi ya watu 230 waliuawa na moto wa lori la mafuta. Wengi walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Kaa mbali mita 300 au zaidi, upande upepo unakotokea, na kama tenki limeshashika moto, mita 800. Piga simu Zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114.

Umaskini hauchangii?

Unachangia. Dumu la lita 20 ni kibarua cha siku kadhaa. Lakini kuna na kutoaminiana. Askari akipaza sauti "Ondokeni!" bila maelezo, watu husikia "msiguse mali ya tajiri". Laiti angesema, "Mmesimama ndani ya mvuke, pikipiki moja ikiwashwa mnaungua wote," naamini baadhi wangeweka ndoo chini.

Mtu akiungua tumfanyeje?

Alale chini na kubingirika, au mfunike kwa blanketi zito moto uzimike. Mwondolee nguo na pete, ila kilichogandana na ngozi kiache. Mwagia jeraha maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, huku sehemu nyingine za mwili zikikingwa na baridi. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, mayai wala asali, na usipasue malengelenge. Akiwa na sauti ya kukwaruza au masizi puani, huenda njia ya hewa imeungua, nayo huvimba hadi kuziba: mkimbizeni hata kama ngozi inaonekana nzima.

Nimeshachota, nguo zimelowa, na nyumbani jiko linawaka.

Usiingie ndani. Vua nguo hizo nje, mbali na moto wowote, oga kwa maji mengi na sabuni. Dumu lisilale chumbani hata usiku mmoja. Kama ulivuta kwa mpira ukameza, usijitapishe, kwa sababu petroli ikipanda inaweza kuingia mapafuni na kuyaunguza. Nenda kituo cha afya leo hii, na ukifika useme wazi ulichomeza. Daktari hatakuuliza ulikipata wapi.