Skeli ya bebop inaanzia mguuni

Kijana akinijia na gitaa mgongoni akitaka kujifunza bebop, mtindo wa jazz wa miaka ya 1940, swali lake la kwanza huwa ni hili: juu ya kordi hii nipige skeli gani? Ni swali zuri, ila kabla yake kuna lingine, nalo ni la pigo. Noti zenyewe nyingi anazijua tangu kwaya. Kinachomshinda ni kujua noti ipi idondoke wakati mguu unagonga chini.

Wanafunzi wangu wengi hapa Dodoma wametoka kwaya za kanisani na wanasoma solfa vizuri, kwa hiyo nitatumia solfa. Do iwe C.

Chukua kordi ya G7: so, ti, re, fa. Ongeza la juu yake. Kama ulikulia maeneo haya, imba hizo tano polepole: so, la, ti, re, fa. Ziko karibu sana na noti za nyimbo za Wagogo, zile zile ambazo ilimba, kinanda chao cha vidole gumba, husawazishwa kwazo. Chanzo chake ni maumbile ya sauti. Uzi unaotoa so nzito hutoa pia sauti nyembamba juu yake. Ukihesabu so nzito kuwa ya kwanza, ya sita ni re, ya saba fa, ya nane so, ya tisa la, ya kumi ti. Hiyo fa ya saba iko chini kidogo ya fa ya kinanda, karibu theluthi ya nusu toni. Kwenye gitaa unaweza kuitafuta: bonyeza mi, vuta uzi, simama kabla hujaifikia fa kamili.

Sikio lililolelewa na sauti ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose (1938–2003) basi halishtuki likisikia G7. Limezoea kuishi humo. Wimbo wa Kigogo unaweza kuanza na kuisha ndani ya noti hizo bila kudai kwenda popote. Bebop inazitaka noti hizo hizo zisafiri zifike do. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi kubwa kwa mwanafunzi wa kwetu, na pia kwa aliyekua akisikiliza dansi la Morogoro Jazz au Tabora Jazz, ambako kordi chache hujirudia na solo inaogelea juu yake kwa raha.

Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Thelonious Monk na wenzao waliokuwa wakikutana kwenye klabu ya Minton's Playhouse, Harlem, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, walipiga kwa kasi kubwa na bado msikilizaji alizisikia kordi ndani ya solo, hata besi ikinyamaza. Njia mojawapo ya kulifikia hilo ni kuongeza noti moja tu.

Kila mguu ukigonga, piga noti mbili: moja ukishuka, moja ukipanda. Teremka skeli ya kawaida juu ya G7: so fa mi re do ti la so. Zinazoangukia mguu ukishuka ni so, mi, do, la. Hizo ni noti za Am7! Vidole vimepiga noti halali zote, lakini sikio limepelekwa kwenye kordi nyingine. Sasa ingiza fe, ile fa iliyopandishwa nusu toni, kati ya so na fa: so fe fa mi re do ti la. Mguu ukishuka unakutana na so, fa, re, ti. G7 yenyewe, nzima. Hii ndiyo skeli ambayo mwalimu David Baker wa Indiana anatambuliwa kwa kuipa jina la skeli ya bebop. Anza na noti yoyote ya kordi mguu ukiwa chini, na hesabu itakaa sawa.

Ukianza na la, iache fe kwanza: la so fa mi re do ti la. Mguu utapata la, fa, re, ti, na pigo linalofuata ni so. Kuanzia hapo fe inaruhusiwa.

Twende kwenye mfululizo unaoutawala muziki huu: Dm7, G7, Cmaj7. Sikiliza noti mbili tu, fa na do. Zote zimo ndani ya Dm7. Kordi ikihamia G7, fa inabaki na do inashuka kuwa ti. Ikihamia C, ti inabaki na fa inashuka kuwa mi. Ziimbe hizo kabla ya kugusa uzi, mtu mwingine akikupigia besi, mpaka uisikie fa ikiiomba mi.

Kisha jaribu hii. Juu ya Dm7 panda re, fa, la, do, noti moja kila pigo. Juu ya G7 anzia re ya juu, noti mbili kila pigo: re do ti la so fe fa re. Halafu mi, pigo la kwanza la C. Angalia mwisho wake: fa iko juu ya mi, re iko chini yake, mi imezingirwa pande zote mbili kabla haijafikiwa. Wanabebop walilipenda sana hilo.

Barry Harris, mpiga piano wa Detroit aliyefariki 2021, alifundisha kwamba ukiiona Dm7 mbele ya G7, fikiria G7 tangu mwanzo. Nakubaliana naye, hasa kwa anayeanza, maana kordi zinapokimbia akili inabaki na jambo moja la kushika.

Bluzi ya F uipige baada ya hapo. Hamisha do iwe F. Kordi ni F7, Bb7 na C7, na kila moja ina skeli yake yenye noti nane iliyojengwa kama tulivyofanya. Kutoka F7 kwenda Bb7, mi inashuka nusu toni kuwa ma. Weka metronomu kwenye 60, zunguka vipimo 12 ukipiga mi na ma tu mahali pake, na usiongeze mwendo mpaka rafiki aliyefumba macho aweze kukuambia kordi imebadilika wapi.