Foronya za Zamani, Darizi na Pindo la Kufuma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila ninapopita Soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza siachi kupekua rundo la mashuka ya mtumba, kwa kuwa chini yake mara nyingi hujificha foronya nyeupe za pamba zilizoshonwa miongo mingi iliyopita, nyingine zikiwa na ua lililodariziwa nusu likaachwa, nyingine zikiwa na mdomo mtupu usio na pindo la kufuma. Wanunuzi wengi huzishika, huzigeuza, kisha huzirudisha rundoni, na sababu wanazozitoa ni mambo waliyoyasikia ambayo kwa sehemu kubwa si kweli.

Husemwa kwamba foronya iliyotumika miaka mingi imechoka na haiwezi kubeba uzi mpya. Umri peke yake hauimalizi pamba. Kinachoimaliza ni jua, msuguano na dawa kali. Tena foronya haichakai sawasawa. Katikati, kichwa kinapolala, huwa nyepesi mapema, lakini mdomo wake, uliokunjwa na kushonwa kwa tabaka zaidi ya moja, hubaki imara, na mdomo huo ndio tunaoufanyia kazi. Kabla ya kulipa huiinua foronya kuelekea mwanga nikatazama katikati, kisha hukishika kitambaa kwa vidole na kukivuta taratibu kwa urefu na kwa upana. Nikisikia mlio mkavu wa nyuzi zinazokatika, naiacha. Nikiwa na shaka kama ni pamba tupu, nikifika nyumbani huchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na kuuchoma: wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote ni kwamba dawa ya kung'arisha yenye klorini huondoa kila doa. Klorini ikiwa kali, au ikitumiwa mara kwa mara, hudhoofisha nyuzi za pamba, na doa la kutu hailiondoi bali hulikoleza. Kwetu kutu si jambo la nadra, kwa sababu kamba nyingi za kuanikia ni waya, na foronya iliyosahauliwa juu yake usiku wa mvua hupata mstari wa rangi ya machungwa unaoikata katikati. Niliwahi kuiloweka ya namna hiyo katika klorini usiku kucha. Asubuhi mstari ulikuwa umekolea, na nilipoikamua ikachanika kwenye mstari uleule. Kutu hutaka asidi: paka maji ya limau na chumvi, anika juani, suuza vizuri, rudia mpaka lififie. Unjano uliotapakaa foronya nzima ni jambo jingine. Huo hulowekwa kwa saa kadhaa katika maji ya moto yenye dawa ya kung'arisha isiyo na klorini, ile ya sodiamu pakaboneti, kisha foronya hutandazwa juani juu ya nyasi ikiwa bado imelowa, kwa kuwa jua hung'arisha pamba yenye maji kuliko iliyokauka. Wakazi wa vilima vya Mabatini na Igogo huanika nguo juu ya mawe makubwa, na kwa shuka tupu hilo halina ubaya, lakini foronya yenye pindo la kufuma isitandazwe huko, maana jiwe letu lina chenga zinazonasa uzi.

Wapo pia wanaosema kwamba kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hakirudi tena, yaani hakipungui ukubwa, kwa hiyo hakuna haja ya kupima chochote. Ni kweli kwa kitambaa, lakini uzi mpya bado unaweza kurudi, na ukirudi huivuta foronya ikafanya mikunjo mdomoni. Fuma kipande cha sentimita 10, kifue kwa maji ya moto, kisha kipime. Uzi mwekundu nao ulowanishe na kuubana ndani ya kitambaa cheupe kabla haujagusa foronya, uone kama unachuja rangi.

Katika darizi, wengi hudhani kwamba kutumia nyuzi zote sita za uzi wa kudarizi hufanya ua lidumu. Uzi huo umetengenezwa ili ugawanywe. Nyuzi mbili au tatu zinatosha, na unene wa sita hutoboa matundu makubwa mno kwa kitambaa kikuukuu. Maneno kama "Lala salama", tuliyoyazoea kwenye foronya za harusi, yakae karibu na mdomo, ili shavu lilale kwenye kitambaa kitupu na si juu ya vifundo.

Pindo ndipo penye kazi ninayoipenda zaidi, na ndipo watu hukosea kwa haraka. Wengi hutumbukiza kulabu, ile fimbo ndogo ya kufumia iliyopinda ncha, moja kwa moja kwenye kitambaa. Kulabu ni butu. Haipiti kati ya nyuzi, huzikata. Baadhi ya foronya za zamani zilitobolewa safu ya matundu kwa mashine kwa ajili ya kazi hii hasa. Foronya ikiwa haina safu hiyo, zungusha kwanza mshono wa blanketi, ule unaoacha vitanzi ukingoni, kwa sindano yenye ncha, ukiacha milimita 5 kati ya mshono na mshono, kisha fuma ndani ya vitanzi hivyo. Kwa uzi namba 20, na kumbuka kwamba namba ikipanda uzi huwa mwembamba, kulabu ya chuma ya milimita 1.25 au 1.5 inafaa. Mdomo wa foronya ni mduara usio na kona, kwa hiyo pindo huanzia na kuishia mahali pamoja, na hapo hesabu isiyolingana huonekana. Mdomo wenye mzunguko wa sentimita 100 hutoa vitanzi 200. Mapambo ya umbo la kombe, moja kwa kila vitanzi sita, hayagawanyiki hapo. Ukiongeza nafasi kidogo sana ukapata vitanzi 198, makombe 33 yanakaa kamili.

Kazi ikiisha, huja ushauri wa kulitia pindo wanga, kama vitambaa vya makochi. Kitambaa cha kochi hutazamwa, foronya hulaliwa: pindo gumu hukwaruza shavu, na wanga huvutia mende kabatini. Wala si kweli kwamba isiguse mashine ya kufulia, kwa kuwa pamba huongezeka nguvu inapolowa; igeuze ndani nje, itie katika mfuko wa wavu, kisha ipige pasi upande wa nyuma juu ya taulo nene ili ua lisilale. Mfuko wa nailoni, unaodhaniwa kuwa hifadhi bora, hufungia unyevu, na hewa yetu ya ziwani huleta vidoa vyeusi vya ukungu. Ile foronya uliyoiona imechoka katikati, isiyofaa tena kulaliwa, inatosha kuwa mfuko wa kuhifadhia zile nzuri.